Yaya anapofunga virago: Mpe haki yake kwanza, kisha zawadi

NI mandhari ya kawaida kila mwaka mpya unapoingia. Katika kituo cha matatu cha Waa, kwenye barabara kuu itokayo Likoni kuelekea Ukunda na Lunga Lunga, mwanamke kijana husimama na mkoba begani na mfuko mkubwa miguuni. Kando yake yupo mtoto aliyemshika gauni, hataki kumwachilia.

Mtoto amefika umri wa kwenda chekechea. Yaya aliyemlea tangu akiwa mchanga, akamfundisha kushika kijiko na kufunga kiatu, kazi yake imekwisha.

Si wote wanaoondoka kwa sababu hiyo. Kuna anayekwenda kuolewa, anayeitwa nyumbani kumuuguza mzazi, aliyepata ajira katika hoteli za Diani, na hata anayesafiri kwenda kufanya kazi Saudi Arabia au nchi nyingine ya Ghuba. Lakini kwa mwajiri swali huwa ni lile lile: Je, nimpe nini cha kumuaga?

Swali hili huonekana dogo, jambo la kumalizwa kwa safari moja ya dukani. Hata hivyo, aghalabu hujibiwa vibaya, na mwandishi wa makala haya ni miongoni mwa waliowahi kulijibu vibaya.

Yaya wetu, mzaliwa wa upande wa Kinango, aliishi nasi hapa Waa kwa miaka saba na kutulelea watoto wawili. Alipotuarifu kwamba angeondoka mwisho wa mwezi, nilikwenda Ukunda nikarudi na bilauri 24 za kioo ndani ya sanduku lililofungwa utepe. Nilijiona nimetenda jambo kubwa.

Usiku huo mama watoto aliliangalia lile sanduku kwa muda, kisha akaniuliza: "Baba watoto, na likizo zake umezihesabu?"

Sikuwa na jibu. Katika miaka yote saba, yaya alikuwa akienda kwao wiki moja tu kila Desemba, na hakuna aliyeandika lolote popote. Tuliketi na kalenda hadi usiku wa manane. Hesabu ilipokamilika, tuligundua kuwa alikuwa akitudai zaidi ya siku 100 za mapumziko, na thamani ya siku hizo ilizipita bilauri zile mara nyingi.

Tulimlipa kwa awamu mbili. Bilauri alizipokea kwa heshima, lakini tulipopita kwao miezi kadhaa baadaye zilikuwa zingali sandukuni, chini ya kitanda cha mamake. Alichotuonyesha kwa furaha ni karatasi moja aliyokuwa ameipeleka mjini ikafunikwa plastiki ngumu. Ilikuwa barua tuliyomwandikia siku ya kuondoka. Familia moja ya Diani ilikuwa imemwita kazini kwa sababu ya maneno yaliyokuwa ndani yake.

Kisa hicho ndicho kilichotufunza utaratibu ambao ningependa kumweleza msomaji: haki kwanza, waraka pili, na zawadi tatu.

Haki si zawadi

Kosa la kwanza la waajiri wengi ni kuchanganya deni na hisani. Mwajiri humnunulia yaya godoro au sufuria, kisha akajiambia kuwa wamemalizana. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 haikubaliani naye.

Sheria hiyo haibagui kati ya mfanyakazi wa ofisini na yule wa jikoni. Yaya ni mwajiriwa kama waajiriwa wengine, na ujira wake sharti ulipwe kwa fedha za Kenya. Godoro halilipi mshahara wa mwezi wa mwisho, wala leso hailipi likizo.

Kabla ya kufikiria zawadi, basi, mwajiri achukue kalamu na kuandika mambo haya. Kwanza, mshahara wa siku zote alizofanya kazi hadi siku ya kuondoka. Pili, likizo. Sheria inampa mfanyakazi siku zisizopungua 21 za kazi zenye malipo kwa kila miezi 12 aliyotumika. Siku ambazo hakupewa hugeuzwa kuwa fedha.

Tatu ni notisi. Kwa anayelipwa kwa mwezi, mwajiri anayetaka kukatiza kazi anapaswa kumpa notisi ya siku 28 kwa maandishi, la sivyo amlipe fedha za muda huo. Yaya naye, akiamua kuondoka mwenyewe, anadaiwa notisi kama hiyo.

Nne ni kile tunachokiita kiinua mgongo. Ikiwa yaya anaondoka kwa sababu watoto wamekua na nafasi yake haihitajiki tena, hilo si kosa lake. Sheria, katika kifungu cha 40, inasema mfanyakazi ambaye nafasi yake imeondolewa apewe notisi isiyopungua mwezi mmoja, na alipwe mshahara usiopungua wa siku 15 kwa kila mwaka mzima aliotumika. Afisa wa leba wa eneo naye anapaswa kuarifiwa.

Tuchukue mfano. Tuseme yaya alikuwa akilipwa Sh18,200 kwa mwezi. Ukizigawa kwa siku 26 za kazi, utapata Sh700 kwa siku. Ametumika miaka minne kamili, na nafasi yake inaondolewa kwa kuwa mtoto anaingia shule. Siku 15 mara miaka minne ni siku 60, yaani Sh42,000. Ikiwa amebakisha siku 10 za likizo, ongeza Sh7,000. Jumla ni Sh49,000, minghairi ya mshahara wake wa mwezi huo.

Katika ndoa au safari aliyoichagua mwenyewe, kiinua mgongo hicho cha kuondolewa kazini hakimhusu, lakini mshahara na likizo bado ni vyake.

Aidha, mwajiri ahakikishe kwamba michango ya Hazina ya Kitaifa ya Malipo ya Uzeeni (NSSF) imewasilishwa hadi mwezi wa mwisho, na kwamba yaya anaijua nambari yake ya uanachama. Mwajiri ambaye hakuwahi kumsajili asidhani kuwa ameokoa fedha. Sheria hiyo hiyo inampa mfanyakazi aliyeachishwa kwa notisi, na ambaye hakuwa katika NSSF wala mpango mwingine wa aina hiyo, haki ya malipo ya utumishi kwa kila mwaka aliofanya kazi.

Yapo pia masuala ya kima cha chini cha mshahara. Agizo lililoanza kutumika Novemba 1, 2024 lilimweka yaya wa watoto katika kundi moja na mtumishi wa nyumbani, mtunza bustani na mlinzi wa mchana. Kiwango chao katika majiji kama Nairobi na Mombasa kilikuwa Sh16,113.75 kwa mwezi, na kidogo kuliko hicho kwingineko. Viwango hivi hubadilishwa kwa tangazo, kwa hivyo ni busara kumuuliza afisa wa leba kabla ya kupiga hesabu.

Baada ya kulipa, andikeni. Karatasi moja yenye tarehe, kiasi cha kila malipo na saini za pande zote mbili itatosha. Zawadi isiandikwe humo, kwani si sehemu ya deni. Mfanyakazi ana miaka mitatu ya kuwasilisha madai yake, na kesi za namna hii husikilizwa na Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo ina kituo jijini Mombasa. Huko, mwajiri asiye na maandishi huwa na kazi ngumu ya kujieleza.

Kuna watakaosema kwamba mambo haya ya sheria yanaharibu udugu. Yaya, watasema, ni mtu wa nyumbani, watoto wanamwita dada, na nduguyo hapigiwi hesabu za likizo. Lakini udugu usiolipa deni ni udugu wa mdomoni. Ni kwa sababu hiyo mataifa yalipokutana Geneva mnamo Juni 16, 2011 yalipitisha Mkataba nambari 189 wa Shirika la Kazi Duniani, unaotaka anayefanya kazi majumbani atambuliwe kuwa mfanyakazi kamili. Humu nchini, chama cha KUDHEIHA kimekuwa kikiwasajili wafanyakazi wa nyumbani pamoja na wa hoteli.

Waraka usiogharimu kitu

Baada ya haki huja waraka, na hapa kuna nyaraka mbili ambazo watu huzichanganya.

Ya kwanza ni cheti cha utumishi. Hiki si hiari. Kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira kinamtaka kila mwajiri kumpa cheti hicho mfanyakazi anayeondoka, maadamu ametumika kwa muda usiopungua wiki nne mfululizo. Huandikwa jina na anwani ya mwajiri, jina la mfanyakazi, tarehe aliyoanza kazi, aina ya kazi na mahali alipoifanyia, na tarehe aliyomaliza. Mwajiri anayekataa kwa makusudi anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh100,000, kufungwa kwa muda usiozidi miezi sita, au adhabu zote mbili.

Ya pili ni barua ya sifa. Kifungu hicho hicho kinasema wazi kwamba mwajiri halazimiki kueleza tabia wala utendaji wa mfanyakazi wake. Hapo ndipo sheria inapokomea na hisani inapoanzia. Kwa kuwa hakuna anayeweza kumlazimisha, mwajiri anayeiandika barua hiyo huwa ametoa zawadi kwa maana yake halisi.

Barua nzuri haihitaji maneno makubwa. "Alikuwa mtu mzuri" ni sentensi isiyomsaidia mtu, kwani kila mwajiri huiandika. Eleza alilea watoto wangapi, na wa umri gani. Je, alimlea mtoto mchanga tangu siku za kwanza? Alijua kumpa dawa kwa saa zake? Aliwahi kubaki na watoto usiku wazazi wakiwa safarini? Anapika vyakula gani? Anazungumza lugha zipi? Taja jambo moja alilolifanya ambalo hamtalisahau. Kisha weka nambari yako ya simu, na simu hiyo ikipigwa, ipokee.

Kwa yaya wa Kwale jambo hili lina uzito wa pekee. Familia nyingi za Diani na Ukunda, wenyeji kwa wageni, huajiri kwa kuulizana. Mwanamke aliyekaa miaka saba katika nyumba moja bila karatasi huonekana kama mtu aliyekuwa hana kazi miaka saba.

Leso husomwa kabla ya kununuliwa

Sasa tufikie zawadi yenyewe. Pwani yetu, zawadi ya kwanza inayomjia mtu akilini ni leso, na si bure. Neno lenyewe limetokana na Kireno, lugha ambamo lina maana ya kitambaa cha mkononi. Katika karne ya 19 wanawake wa pwani walikuwa wakiunga vitambaa vya namna hiyo wakapata nguo moja pana. Baadaye nguo hiyo ikaanza kuchapishwa ikiwa nzima, na maneno yakaongezwa, mwanzoni kwa hati za Kiarabu.

Leso ina sehemu tatu: pindo linaloizunguka, mji ulio katikati, na jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa. Mnunuzi mgeni huangalia rangi. Mwanamke wa pwani husoma jina.

Hapo ndipo wanaume wengi, nikiwemo, hukosea. Leso ni barua ya wazi. Yaya akiivaa kwao, majirani wataisoma na kuuliza imetoka kwa nani. Leso yenye methali "Wema hauozi" itamjengea heshima. Lakini ukimpa iliyoandikwa "Mla nawe hafi nawe", atajiuliza kama unamlaumu kwa kuondoka. Na ukimpa "Aliye juu mngoje chini", utakuwa umemtukana kwa fedha zako mwenyewe.

Ukiwa na shaka, mtume mwanamke mzima mwenye kujua mafumbo. Jijini Mombasa, mtaa wa Biashara ndio mashuhuri kwa leso. Duka la Kaderdina, ambalo leso zake hujulikana kwa alama ya "Mali ya Abdulla", limekuwa katika biashara hiyo tangu 1887.

Anayekwenda kuolewa anaweza kununuliwa kisutu, ile leso ya rangi nyekundu, nyeusi na nyeupe ambayo kwa desturi za pwani ni ya bibi harusi. Kumpa yaya kisutu ni kumwambia kuwa mnamwozesha kama binti wa nyumba hiyo. Kumbuka pia kwamba leso huuzwa mbili pamoja, moja ya kujifunga na nyingine ya kujitanda. Kumkatia moja ukabaki na ya pili ni uchoyo usiofichika.

Uliza anakokwenda

Leso hata hivyo haiwezi kuwa jawabu la kila mahali. Siri ya kuchagua zawadi ni kuacha kufikiria nyumba anayotoka na kuifikiria nyumba anayokwenda.

Anayekwenda Kinango atapanda matatu hadi Kombani, apinde kuelekea mji wa Kwale, kisha aendelee bara. Wa Kilifi au Taita atalazimika kuvuka kivuko cha Likoni au kuzunguka kwa barabara ya Dongo Kundu, halafu atafute gari jingine. Kila kitu unachompa atakibeba mwenyewe. Vyombo vya kioo, picha kubwa zenye fremu na masanduku ya mapambo ni mzigo uliovikwa sura ya zawadi.

Fikiria pia kama kwao kuna umeme na maji ya mfereji. Birika la umeme halina kazi katika nyumba isiyo na waya. Taa ya sola, sufuria imara zenye vifuniko, blanketi nzito au simu nzuri zitatumika tangu usiku wa kwanza.

Ikiwa uwezo upo, zawadi bora zaidi ni ile inayozaa. Sehemu kubwa ya Kinango ni kame, na mahindi huko hayana uhakika, ilhali mbuzi hustahimili. Mbuzi wawili majike wanaweza kuwa mwanzo wa mali. Cherehani ya kukanyaga kwa miguu haihitaji umeme. Ada ya kozi ya ushonaji, upishi au ususi katika chuo cha ufundi ni zawadi ambayo hakuna mtu atakayemwazima na kuipoteza. Akiwa tayari ana ujuzi, anaweza kulipiwa mtihani wa Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda (NITA) apate cheti cha fani yake.

Je, ni utovu wa adabu kutoa pesa taslimu? La hasha. Wapo wanaoona bahasha ni jambo baridi, lakini anayejua bei ya mabati kwao ni yaya, si mwajiri. Kinachohitajika ni pesa hizo zitengwe na malipo ya haki yake. Mlipe deni siku moja, na umpe zawadi siku nyingine, ili mkono wa kulia usiibe sifa za mkono wa kushoto. Ukituma kwa M-Pesa, huduma ambayo Wakenya wameitumia tangu Machi 2007, ongeza na ada ya kutolea. Na hata ukitoa kitu kingine chochote, mpe nauli ya kumfikisha mlangoni kwao.

Njia rahisi kuliko zote ni kumuuliza. Wengi wataona haya na kujibu, "Chochote tu." Usiichukue kauli hiyo kuwa jibu. Muulize rafikiye, au jirani ambaye humsimulia mambo yake, na utaambiwa kwamba kwa miezi mitatu amekuwa akizungumzia paa linalovuja.

Tahadhari moja: nguo zenu kuukuu, viatu vilivyowabana watoto na friji iliyoanza kunguruma si zawadi za kuagia. Akivitaka, avichukue kwa hiari yake. Lakini visifungwe kwa utepe.

Anayekwenda Ghuba

Kuna kundi moja la mayaya ambalo linahitaji kutazamwa mbali na mengine. Hawa ni wale wanaoondoka kwenda kuwa mayaya wa watu wengine, ng'ambo ya bahari. Wanawake wengi wa pwani wamesafiri kwenda nchi za Ghuba kufanya kazi za nyumbani. Wapo waliorejea wakajenga, na wapo walioteseka.

Yaya wa aina hii hahitaji sufuria wala mbuzi. Mpe saa chache za muda wako. Soma naye mkataba wake neno kwa neno, maana huenda wewe ndiye msomi pekee anayemjua. Angalieni kama wakala anayempeleka amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira (NEA). Mtolee nakala za pasipoti, viza na mkataba, seti moja akae nayo, nyingine ibaki kwa jamaa zake, na picha zake zihifadhiwe katika simu yako. Mwandikie nambari za ubalozi wa Kenya katika nchi aendayo, na umsihi azikariri mbili tatu kichwani, kwa kuwa simu inaweza kuchukuliwa lakini kichwa hakichukuliwi.

Kisha mwambie neno moja ambalo pia ni zawadi: kwamba akipiga simu usiku, itapokewa.

Mtoto naye aagwe

Katika pilikapilika zote hizi, mtu anayesahaulika ni mtoto. Wazazi wengi huona ni heri yaya aondoke alfajiri mtoto akiwa usingizini, ili kuepuka kilio. Kilio huwa hakikuepukwa, kimeahirishwa tu. Mtoto ataamka amtafute jikoni, uani na chini ya kitanda, na atajifunza kwamba watu anaowapenda hutoweka bila neno.

Daktari Mwingereza John Bowlby, aliyezaliwa London mwaka 1907, alilelewa zaidi na yaya aliyeitwa Minnie. Yaya huyo aliondoka Bowlby akikaribia umri wa miaka minne. Alipokuwa mtu mzima, aliilinganisha huzuni hiyo na ya kumpoteza mama. Ni Bowlby huyo huyo aliyekuja kuweka msingi wa nadharia mashuhuri kuhusu mtoto anavyoshikamana na mlezi wake, aliyoieleza katika kitabu alichokitoa mwaka 1969.

Kwa hivyo, mwambie mtoto siku kadhaa kabla, kwa maneno mepesi na ya kweli. Usimdanganye kuwa dada amekwenda sokoni. Mwache achore picha, au achague mwenyewe kitu kidogo cha kumpa. Pigeni picha ya pamoja, isafishwe mara mbili, moja aondoke nayo yaya na nyingine ibandikwe chumbani mwa mtoto. Na kama mtakubaliana kupigiana simu kila Jumapili, ahadi hiyo itimizwe.

Wengi waliolewa na mayaya watakuambia kuwa zawadi iliyomtoa yaya machozi ilikuwa ile iliyotoka mkononi mwa mtoto.

Siku ya kuondoka

Adabu ya kutoa ina uzito sawa na kinachotolewa. Zawadi hukabidhiwa mbele ya familia nzima, baada ya chakula ambacho yaya hakukipika. Kwa siku moja, aketi, apakuliwe, na vyombo vioshwe na wengine. Mkubwa wa nyumba aseme maneno machache, ataje mambo mahususi, na aombe radhi kwa yaliyopita. Kwetu pwani kuombana radhi wakati wa kuagana ni jambo la lazima, kwa kuwa hakuna ajuaye kama watu wataonana tena.

Kuna jambo moja ambalo linaweza kuyafuta yote hayo kwa dakika mbili. Katika nyumba fulani niliyowahi kuifahamu, yaya alipewa leso, blanketi na pesa, akapigiwa makofi. Kisha, alipokuwa mlangoni, akaambiwa afungue mkoba ili uangaliwe. Aliufungua bila kusema neno. Humo mlikuwa na nguo zake, Biblia yake na mchoro wa mtoto. Alizirudisha nguo mkobani moja moja, akaliacha blanketi kibarazani, akaenda zake.

Aliyekabidhiwa watoto wako kwa miaka minne hawezi kushukiwa kwa sababu ya taulo. Ikiwa una shaka ya kweli, ungeiondoa mapema na kwa njia ya heshima. La sivyo, mbebee mkoba wake hadi kituoni, msubiri gari pamoja, na usiondoke mpaka litakapoondoka.

Bilauri zangu 24, nasikia, hatimaye zilitoka sandukuni. Zilitumika siku ya harusi ya mdogo wake, na tatu zilivunjika kabla ya jioni. Ile barua ingali nzima.